Waliniita Fotokopi

Mimi si mwizi. Nianze na hilo, ndugu wasomaji, kwa sababu nimelisema miaka mingi mbele ya watu wasiosikia, na leo nalisema mbele yenu... Mimi si mwizi! Kama kuna atakayecheka, acheke tu, nimezoea.

Nina miaka arobaini na tano. Ni fundi cherehani hapa Kamembe, katika mtaa wetu wa Waswahili, karibu na msikiti. Sina mume. Wazazi walinipa jina la Mwavita, lakini mkishuka kwenye gari pale kituoni mkauliza Mwavita anakaa wapi, watu watawatazama tu. Muulizeni Maman Fotokopi. Mtaletwa mpaka mlangoni kwangu.

Jina hilo lina mkasa wake. Ningependa kuusimulia kwa utulivu, ila nikianza tu damu inanipanda, kwa hiyo mtanivumilia.

Baba yangu, Mzee Hamisi, alikuwa fundi kabla yangu. Baada ya yale mauaji yaliyoiangamiza nchi yetu, na vita vilipohamia ng'ambo, Kongo, tulibaki wawili tu nyumbani, yeye na mimi. Shule yangu ilikuwa imekatika katikati. Nilikaa naye kwenye meza ya kazi, nikishona vifungo na kupiga pasi, na mkono ukipata nafasi, nachora. Nilichora kwenye karatasi za kaki ambazo baba alizitumia kupimia na kukatia nguo. Alinigombeza kwa kuziharibu, halafu nikigeuka namsikia anacheka peke yake.

Mnayajua maisha ya mpakani? Kila asubuhi wanawake walivuka daraja la Rusizi ya Pili kwenda Bukavu kununua vitenge. Ushuru wa duwane, yaani forodha, ulikuwa mkali, na biashara yenyewe ndogo. Sasa wafanyeje? Walijifunga vitenge tumboni, chini ya nguo zao. Mtu anaondoka mwembamba, jioni anarudi kanenepa, anatembea kwa kuyumba.

Baba alikaa mlangoni akiwatazama wanavyopanda kutoka mpakani, na kwa jicho tu alijua. "Ule anavaa tatu," ananiambia. "Ule wa nyuma, sita kamili!" Sita ni yadi sita, yaani kitenge kizima ambacho hakijakatwa. Na hakukosea, kwa sababu kesho yake kitenge kilekile kiliwekwa juu ya meza yetu kishonwe.

Hapo ndipo nilipompata Maman Sita wangu.

Nilimchora katuni, zile ambazo huku tunaziita bede. Karatasi moja, mistari mitatu ya picha. Mstari wa kwanza yuko soko la Bukavu, muuzaji anamzungushia kitenge, anamzungushia tena, mpaka anakuwa pipa. Mstari wa pili yuko mpakani, na mtu wa duwane amemtolea macho. "Maman, asubuhi ulipita mwembamba!" Naye, bila aibu, anamjibu mkubwa huyo: "Niko na mimba, chef!" Mstari wa tatu anapanda kilima cha Kamembe na tumbo lake mbele, anawaambia majirani, "Mimba ya Bukavu haina miezi tisa!"

Jamani, watu walicheka! Na ilikuwa miaka ambayo watu walikuwa wamesahau kucheka. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, kila mmoja ana wafu wake. Lakini nyote mngewakuta wanawake sokoni wameshikilia karatasi yangu, wanapigana makofi ya mgongoni mpaka machozi yanawatoka. Madereva wa malori ya simenti walizibeba mpaka Muganza, wafanyakazi wa zamu wa kiwanda wakawa wanazingojea getini.

Aliyezitoa kwa wingi ni Saidi. Saidi alikuwa na mashine ya fotokopi kwenye kibanda karibu na ofisi za serikali, na alikuwa mchumba wangu. Barua ya posa ilishaletwa, baba alishakubali. Mimi nachora, yeye anatoa kopi, tunauza pamoja. Nilimpenda, sitaficha. Nilimpenda kijinga.

Basi, ikaja bahati... au niseme ilikuja na sura ya bahati. Shirika moja, jina lake naliacha, lilifungua ofisi hapa Kamembe. Lilitafuta mchoraji wa kutengeneza vitabu vya katuni kwa shule zote za upande wetu, vitabu vya usafi na vya kuishi pamoja kwa amani. Mkurugenzi wao alikuwa ameiona Maman Sita mikononi mwa dereva wake. Akaniita, akanipa mtihani wa kuchora mbele yake, akasema ni mimi. Ningepelekwa Kigali kusomea uchoraji, nirudi na kazi ya kudumu. Mimi! Mtoto wa fundi, shule nusu! Kilichobaki ni kutia sahihi kontra, mkataba wa kazi.

Baba alinishonea tayeri ya kijivu, sketi na koti, ya kwenda nayo ofisini. Alinipima kwa futi kana kwamba hajawahi kuniona. Alikuwa akiwaambia wateja wote, hata wasiouliza, "Binti yangu anakwenda bironi."

Saidi hakufurahi. Alisema mwanamke akienda Kigali harudi. Alisema vitabu vyao vitachapwa kwenye mashine kubwa za huko, na kibanda chake kitakula nini? Nikamwambia tutafunga ndoa kwanza kabla sijaondoka. Akanyamaza. Mtu akinyamaza, sisi tunadhani amekubali.

Wakati huo mpaka ulikuwa umefungwa kwa muda kwa sababu ya mapigano ya upande wa pili. Ulipofunguliwa, wanawake wakavuka tena, na mmoja wao akarudi na karatasi kutoka Bukavu. Akaipeleka moja kwa moja kwa Saidi. Unadhani Saidi aliniletea mimi? Thubutu!

Ilikuwa katuni. Soko, muuzaji, kitenge kinazungushwa tumboni. Mpaka, duwane, macho yametoka. "Niko na mimba, chef!" Na juu yake jina kwa herufi kubwa: MAMAN SITA. Chini, sahihi ya mtu wa Bukavu, mtaa wa Nguba, anaitwa Deo.

Sikuwa nimewahi kumsikia Deo. Wallahi, sikuwa nimewahi!

Saidi alichukua karatasi yangu na karatasi ya Deo, akazilaza pamoja kwenye kioo cha mashine yake, ubavu kwa ubavu. Hazikuenea. Mashine yake ilikuwa ndogo. Basi akazikunja chini, zote mbili, mstari wa tatu ukafichwa, akabonyeza. Ikatoka karatasi moja yenye Maman Sita wawili kama mapacha, na juu yake ameandika kwa kalamu, "Nani amekopiye nani?"

Akaziuza. Mchumba wangu aliziuza! Ile karatasi iliuzika kuliko zote nilizowahi kuchora. Na ile karatasi halisi ya Bukavu, yenyewe, aliipeleka kwa mkurugenzi wa lile shirika, eti kwa sababu yeye ni mtu mkweli. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utotoni mwangu, tena nyumbani kwa fundi wa nguo, na bado sikuelewa.

Mimi sikujua chochote. Siku ya kutia sahihi nilivaa tayeri yangu ya kijivu, nikapita njiani watu wananiangalia. Nikadhani ni tayeri. Mwanamke mmoja muuza nyanya akaniita, "Ee Fotokopi, unakwenda wapi umependeza ivyo?" Sikuelewa, nikampungia mkono. Nilimpungia mkono, jamani...

Bironi mkurugenzi hakunikaribisha kiti. Alikuwa na karatasi mbili mezani, ile ya Saidi na ile ya Deo yenyewe. Aliniuliza kwa upole, na upole ule uliniumiza zaidi ya kelele. Aliuliza nimeitoa wapi hadithi yangu. Nikasema kwa baba, mlangoni kwetu. Akauliza, na jina? Na maneno? Na kitenge? Yote yamefanana kwa bahati tu? Akanisogezea karatasi ya Deo, akasema, "Isome, dada, halafu unieleze."

Angalieni sasa nilichofanya. Mnayo akili, mngeisoma, sivyo? Mimi sikuisoma. Niliona lile jina, MAMAN SITA, kwa mwandiko wa mtu mwingine, na ile "Niko na mimba, chef", maneno ya mtoto wangu kwenye mdomo wa mwingine... nikaona giza. Nikasema huyu mtu ameniibia, mbwa huyu! Nikaichana. Nikaichana mara mbili, mara tatu, nikatupa vipande juu ya meza ya mkurugenzi. Ndiyo karatasi pekee ya Deo iliyokuwa imefika Kamembe, na niliichana bila kufika chini.

Mkurugenzi alivikusanya vipande, akavitia ndani ya kikapu cha taka. Alisema mtu asiye na kosa hachani ushahidi. Kontra sikuiona tena. Kazi ilipewa kijana wa Kigali, na vitabu vyake vilipokuja, watoto walifungia karanga.

Nilifika nyumbani. Nilitaka baba apige meza, atukane, avae kofia yake aende kumkamata Saidi shingoni. Alikuwa ameishika ile karatasi ya mapacha. Mtu alishamletea. Aliitazama muda mrefu, akaninong'oneza:

"Mwavita, mwanangu... uliiona wapi hii kitu ya batu ba Bukavu?"

Baba! Aliyekaa na mimi mlangoni! Aliyeniambia "sita kamili" kwa mdomo wake! Nikamwambia, baba, si wewe uliyesema? Akasema, ndiyo, nilisema, lakini huyu wa Bukavu nani alimwambia? Nililia mpaka sauti ikakauka. Akaniambia, "Basi, yaishe," na toka siku hiyo hakuyataja tena. Mimi nilitaka ayataje. Nilitaka tugombane mpaka aniamini.

Mama yake Saidi akaja na wazee. Wakasema mtaani yanasemwa mengi, na lisemwalo lipo, basi niape mbele ya watu kwamba sikuiba. Niliapa. Nikaweka mkono juu ya Msahafu, nikaapa kwa Mungu wangu. Wakatazamana, wakasema haya, na wiki iliyofuata wakaivunja posa hivyohivyo. Sasa kiapo kilikuwa cha nini?

Wengine walikuwa na maneno mabaya zaidi. Walijiuliza, mpaka umefungwa, ng'ambo watu wanapigana, huyu msichana alipataje vitu vya huko? Anaongea na nani? Miaka ile neno kama hilo halikuwa mzaha. Niliacha kutoka. Nilipotoka, niliitwa Fotokopi. Na aliyelianzisha jina ni Saidi mwenyewe. Mtu mwenye mashine ya fotokopi ananiita mimi Fotokopi, na watu wanaona ni sawa!

Nikaacha kuchora. Michoro yangu yote ilikuwa kwenye kaki, na kaki ni ghali, kwa hiyo niliikata. Nilikata mikono ya magauni, nikakata kola, nikakata mifuko. Uso wa Maman Sita ukaingia kwenye bega la mtu, tumbo lake likagawanywa. Miaka ikapita. Baba akaugua kifua, akafariki. Kabla hajafa alinishika vidole vyangu, nikadhani atasema neno. Akasema nisiwaachie wateja sindano ndani ya pindo... Hilo tu. Nikamzika na neno langu likiwa bado kooni.

Haya, sasa sikilizeni.

Siku moja mchana akaingia baba mmoja wa makamo, amebeba vitenge vya kutosha ukoo mzima. Alisema anatoka Bukavu, anamwoza binti yake kanisani, na familia nzima inataka sare. Alikuwa amesikia Kamembe kuna fundi anayejua kukata shingo ya gauni. Nikatandaza kitenge mezani, nikashusha karatasi zangu za kukatia kutoka kwenye msumari, nikaweka ile ya mkono wa gauni juu ya kitambaa. Nikaona ameinama.

"Maman," akasema, "hii sura kwenye karatasi... ni nani aliichora?"

"Ni miye. Kwa nini?"

Alikuwa anatazama jicho moja la Maman Sita na nusu ya kilemba chake, vilivyobaki hapo kwenye kwapa.

"Miye njo Deo," akasema. "Deo wa Nguba."

Nilikuwa nimeshika mkasi. Nawaambia ukweli, sikuuweka chini! Nilisimama nao, nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia, "Aka! Weye njo ule mwizi? Unakuja mpaka kwangu nikushonee?"

Akainua mikono miwili, kama watu wanavyofanya mbele ya askari.

"Maman, huku mwizi ni miye. Kule kwetu pia, mwizi ni miye. Batu ba Bukavu banasema nilikopiye kwa Munyarwanda mumoja wa Kamembe. Ile karatasi yenu ya mapacha ilivuka daraja, Maman. Ilinifikia."

Nikakaa.

Alikuwa ameachishwa kazi kwenye gazeti dogo la parokia yao. Siku hizi anaandika majina ya maduka ukutani. Nilimuuliza, jina la Sita ulilitoa wapi? Akasema sokoni, wauza vitenge si wanaita wateja siku nzima, "Sita! Sita kamili!" Na mimba? Akacheka kidogo. Akasema mke wake mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, na kila siku aliwaambia watu wa duwane vilevile. Wote walisema vilevile! Wanawake wote wa daraja lile, miaka yote ile, walikuwa na mimba.

Halafu akaniuliza picha yangu ya mwisho ilikuwaje, kwa sababu kwenye ile karatasi ya mapacha haikuonekana. Nikachukua chaki ya fundi nikamchorea hapo mezani. Maman Sita anapanda Kamembe na tumbo lake. "Mimba ya Bukavu haina miezi tisa!"

Deo akashika kiuno. Akaiomba chaki. Pembeni ya mchoro wangu akachora mwanamke mwembamba kama ufito, anavuka daraja kurudi kwao Bukavu, mikono mitupu, anampungia mtu wa duwane. Akaandika juu yake: "Nimezaa Rwanda, chef!"

Mnaelewa? Maman Sita wangu alikuwa mwanamke wa Kamembe. Nilimwona mimi, mlangoni kwetu, akirudi amenenepa. Wa kwake alikuwa mwanamke wa Bukavu, anatoka kwao na vitenge tumboni, anauza kwetu, anarudi mwembamba. Mmoja anabebea kule, mwingine anazalia huku. Daraja ni moja, kila mtu alichora upande wake! Na yote hayo yalikuwa kwenye mstari wa tatu. Ule aliokunja Saidi. Ule niliouchana mimi.

Tulicheka, ndugu zangu. Tulicheka sana, halafu nikaona yule baba anafuta macho kwa kona ya kitenge cha harusi ya binti yake, na mimi nikashindwa. Nililia kama siku ya kwanza. Kama ningeisoma siku ile! Ningemwambia mkurugenzi, tazama hapa chini, huyu anakwenda na huyu anarudi. Ningempelekea baba, aione kwa macho yake. Baba angeelewa mara moja, yeye aliyewajua wanawake wale kwa mwendo wao.

Nilikwenda kwa Saidi. Siku hizi ana duka kubwa la karatasi na madaftari, ana tumbo, ana mke. Nilimweleza yote, picha ya mwisho, kukunja, kila kitu. Alinisikiliza akipanga kalamu. Akasema, "Mwavita, haya ni mambo ya zamani. Batu bote balishasahau." Hata pole sikupewa. Nilipokuwa nafika mlangoni nikasikia mteja anauliza mimi ni nani, na mfanyakazi akamjibu bila kupunguza sauti, "Ni Maman Fotokopi, ule aliiba michoro."

Walishasahau, eti! Maman Sita wamemsahau kweli, hakuna kijana hapa Kamembe anayemjua. Kilichobaki ni mwizi.

Nilizishona zile sare zote, na sikumtoza Deo kwa gauni la bibi harusi. Michoro ya chaki ilikaa mezani kwangu mpaka vitambaa vya wateja vikaifuta. Deo ameniambia tuchore pamoja, mistari yote, mimba na uzazi. Nimemwambia nitafikiri. Mkono wangu umezoea mkasi, na nikishika kalamu nasikia lile jina nyuma yangu.

Ndugu msomaji, nakuomba. Kesho ukioneshwa kazi za watu wawili zinazofanana, usikimbilie kuita mwizi. Watu wawili wanaweza kulitazama daraja moja. Na wewe unayechora, unayeandika, unayeimba, ukikuta wimbo wako kwenye mdomo wa mtu mwingine, nakusihi usiuchane kama mimi. Hasira hasara, wazee hawakukosea. Mtafute huyo mtu. Muulize. Huenda na yeye amekaa ng'ambo analia kwa sababu yako.

Na kama utataka kunitukana, karibu, nipo hapa Kamembe, uliza Fotokopi. Lakini kwanza soma mpaka picha ya mwisho.